Wakili wa Jumamosi Asubuhi

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Kenya ya mwaka 2016 ni sheria nzuri. Iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, ikawapa hadhi wasaidizi wa kisheria wanaohangaika mitaani na vijijini, na ikaitilia nguvu ahadi ya kifungu cha 48 cha Katiba kwamba ada isimzuie mtu kuifikia haki. Lakini endelea kuisoma mpaka pale inapotaja wasiostahili kusaidiwa katika mashauri ya madai. Utakuta orodha: kampuni, mashirika, amana, taasisi za umma, asasi za kiraia, mashirika yasiyo ya serikali, na kila mtu wa kisheria asiye binadamu. Kisha yanatajwa mashauri yasiyogharamiwa, kodi ikiwa mojawapo.

Sina ugomvi na orodha hiyo. Pesa za msaada wa kisheria ni kidogo, na mahabusu aliyeozea rumande kwa kukosa dhamana, au mjane anayefukuzwa shambani na mashemeji, ana haki ya kutangulia mbele ya shirika lolote lile. Bunge halikuwa na budi kuchora mstari mahali. Leo nataka kuwazungumzia walioangukia ng'ambo ya mstari huo bila mtu kuwakusudia ubaya, yaani vikundi vidogo vinavyowafundisha muziki watoto wa mitaa ya mabanda. Kwa kipimo chochote vikundi hivi ni mafukara, ila tu havina damu wala mifupa. Shida zao za kisheria hazimtoi mtu machozi: usajili, kodi, mikataba, hakimiliki. Wakiniuliza wampate wapi wakili, nitawaambia wasiingoje serikali. Deni hili ni la mawakili wenyewe, hasa wale wa kampuni kubwa ambao hawajawahi kudhani kwamba wanadaiwa.

Asiyevijua vikundi hivi na aanzie Korogocho. Huko ndiko Elizabeth Njoroge alikoanzisha mradi wa Ghetto Classics mwaka 2008, kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la St John's, karibu na jaa la Dandora ambalo limekuwa likipokea taka za Nairobi tangu miaka ya sabini. Watoto waliozoea moshi wa jaa hilo walikabidhiwa fidla, klarineti na tarumbeta, wakafundishwa kusoma nota, na baada ya miaka michache walikuwa wakipiga jazi na muziki wa Ulaya wa kale mbele ya watu waliolipa kiingilio. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipoanzisha tamasha lake la jazi mwaka 2014, mapato yalielekezwa kwenye mradi huo.

Ghetto Classics sasa ina jina, na mwenye jina hakosi wakili wa kumpigia simu. Nimeitaja ili msomaji ajue watoto hawa wanaweza kufika wapi. Ninaowawazia ni wale ambao hakuna kampuni ya simu iliyowaona bado.

Nchi hii haikukosa muziki. Tamasha la Muziki la Kenya lina mizizi ya mwaka 1927, na Conservatoire ya Nairobi ilifunguliwa 1944. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulifundishwa na kutahiniwa hata katika shule za msingi. Baadaye mtihani ukaondolewa, na kila mwalimu wa Kenya anajua kinacholipata somo lisilotahiniwa: kipindi chake kinamezwa na hesabu. Mtaala wa sasa umeurudisha muziki ndani ya sanaa za ubunifu, lakini mtaala hauji na piano. Mtoto wa Lavington hupelekwa kwa mwalimu wa kulipwa alasiri. Mtoto wa Mathare hungoja kikundi cha Jumamosi, kikiwapo.

Kikundi chenyewe kwa kawaida ni mwalimu mmoja aliyejifunzia muziki kanisani, jeshini au kwenye bendi ya shule, watu wazima wawili watatu wanaomsaidia, kibodi yenye funguo zisizolia, tarumbeta zilizotolewa na parokia fulani ya ng'ambo, ukumbi wa kuazima, na watoto wengi kuliko viti. Karatasi ndizo hazipo, au zipo na afadhali zisingekuwapo.

Usajili ndiko makosa mengine yote yanakozaliwa. Mwalimu wetu ana milango kadhaa ya kuingilia. Anaweza kusajili kikundi cha jamii, chama, amana yenye wadhamini, kampuni isiyo na hisa ambayo wanachama wake hutoa dhamana tu, au shirika la manufaa ya umma. Kila mlango una chumba chake. Mlango utakaochaguliwa ndio utakaoamua tarumbeta ni mali ya nani mwalimu akifariki, mfadhili gani anaweza kukiamini kikundi, na nani atashtakiwa mtoto akivunjika mkono jukwaani. Haya hayaelezwi popote kwa lugha ya kueleweka, kwa hiyo mwalimu hupitia mlango unaojulikana na kijana wa saiba, lile duka la intaneti la mtaani. Kijana huyo ana katiba moja kwenye kompyuta yake. Ilikuwa ya chama cha akina mama cha kuweka akiba. Hubadilisha jina, hupiga chapa, na kikundi cha muziki hutoka pale kimevaa katiba kama koti la kuazima, mabega hayakai.

Mabega hayo huonekana miaka mitatu baadaye. Chama cha akiba, na ni haki yake, huandika kwamba kikivunjwa wanachama watagawana mali. Kikundi cha muziki chenye maneno hayo hayo kikienda Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kuomba msamaha wa kodi, kinamwomba ofisa aamini kwamba kipo kwa ajili ya watoto ilhali katiba yake inasema kipo kwa ajili ya wanachama. Jibu linajulikana. Sentensi hiyo moja wakili angeifuta kwa kalamu kabla chai haijapoa.

Na sheria zenyewe hazitulii. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilitiwa saini na Rais Mwai Kibaki Januari 2013. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamuru ianze kutumika, ikaendelea kulala. Ilianza kufanya kazi tarehe 14 Mei 2024, zaidi ya miaka kumi na moja baada ya saini, na mashirika yaliyosajiliwa chini ya sheria ya zamani ya mashirika yasiyo ya serikali ya 1990 yakapewa mwaka mmoja kuhamia mfumo mpya. Katikati ya usingizi huo vikundi vya jamii vikapata sheria yao ya 2022. Shirika lenye ofisi ya ghorofani liliandikiwa na mawakili wake likaambiwa la kufanya. Mwalimu wa tarumbeta pengine alisikia kwenye kundi la WhatsApp kwamba vikundi vyote vinafutwa, akawaza kama afunge ukumbi.

Tanzania hali inafanana, ingawa majina ya sheria ni mengine. Marekebisho ya mwaka 2019 yalizilazimu kampuni zisizo na hisa zilizokuwa zikifanya kazi za kijamii kujisajili upya kama mashirika yasiyo ya kiserikali. Msaada wa kisheria huko una sheria yake ya 2017, na tangu 2023 kuna kampeni kubwa yenye jina la Rais Samia inayozunguka mikoani. Wananchi wanaifuata kwa ardhi, mirathi, ndoa na ukatili wa kijinsia, na ni sawa waifuate. Mwenye kikundi cha ngoma cha watoto naye hana meza yake pale.

Baada ya usajili kuna picha. Hapa vikundi viko hatarini kuliko vinavyofahamu, maana picha ndiyo shukrani pekee vinayoweza kumpa mfadhili. Mtoto akishika fidla mara ya kwanza, simu tatu zinamwelekea usoni, na kabla ya jioni yuko Facebook na jina lake, mtaa wake, na mara nyingine habari za mama yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sijui kikundi cha Jumamosi ambacho bajeti yake ya miaka mitano inafika hapo. Fomu ya idhini ni nusu ukurasa. Lazima iwe kwa Kiswahili ambacho mama anayeuza mboga atakielewa, aweze na kuikataa akitaka, na lazima mtoto wa aliyekataa aendelee kufundishwa. Jambo hilo la mwisho ndilo linalosahaulika katika fomu za kunakili.

Sasa niingie kwenye hakimiliki, ambako nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko sheria yetu inakowatenda watoto hawa jambo la ajabu.

Beethoven alifariki mwaka 1827, na hakimiliki ya Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, kwa hiyo hakuna wa kumlipa. Watu wengi huishia hapo. Lakini kitabu kilichoko kwenye stendi ya mtoto si mkono wa Beethoven. Kimepangwa upya na mtu wa juzi kwa ajili ya bendi ya wanafunzi, na huyo wa juzi ana haki zake. Na vikundi vyenyewe havitaki kupiga Beethoven tu. Vinataka kupiga Malaika, wimbo ambao Fadhili William aliurekodi mapema miaka ya sitini na ambao umiliki wake umegombaniwa na zaidi ya mtu mmoja. Yeye alifariki 2001. Mwalimu akitaka kuupangia fidla nne na ngoma, aombe ruhusa kwa nani? Watu wenye ofisi na makatibu wametofautiana juu ya swali hilo.

Ajabu yenyewe ni hii. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaziachia shule zilizosajiliwa, pamoja na vyuo vikuu, nafasi fulani ya kutumia kazi za watu kwa ajili ya kufundishia. Ni nafasi ya busara, na nchi nyingi zinayo. Lakini imefungwa kwenye neno shule, na shule ni ile iliyosajiliwa chini ya sheria za elimu. Kwa hiyo shule ya kimataifa yenye piano kubwa na bwawa la kuogelea iko ndani ya kivuli hicho. Kikundi kinachofundisha muziki huohuo, kwa watoto wa umri uleule, katika ukumbi wa kanisa Jumamosi asubuhi, kiko juani. Hakuna mbunge aliyekaa akapanga iwe hivyo. Ilitokea kwa sababu walioandika walipofikiria mahali mtoto anapofundishwa walifikiria lango lenye bango la wizara. Kurekebisha kifungu kama hicho kunahitaji mtu atakayekaa na kuandika hoja, aipeleke kwenye kamati ya Bunge, arudi tena na tena. Huyo mtu kwa Kiswahili cha kawaida anaitwa wakili, na hakuna kikundi kitakachomlipa.

Kuna upande wa pili, wa nyimbo ambazo watoto wanatunga wenyewe. Kanuni ya jumla ni kwamba kazi aliyoifanya mwajiriwa kazini ni ya mwajiri, na iliyoagizwa ni ya aliyeiagiza, pasipokuwa na makubaliano mengine. Mwanafunzi hajaajiriwa na hajaagizwa. Wimbo wake ni wake. Wengi wa wanaoongoza vikundi hawalijui hilo, na wakiambiwa wananuna kidogo, maana wameulea wimbo huo tangu ulipokuwa mistari miwili. Kampuni ya matangazo ikija kuutaka, kikundi hutia saini kana kwamba kinauza kiti chake. Mtunzi ana miaka 15, na Kenya mtu huwa mtu mzima akifika 18. Saini yake ina nguvu gani? Mzazi alikuwapo? Pesa zikaliwa na nani? Wimbo ukivuma, maswali hayo yatakuja yote siku moja, na yatakuja na barua ya madai kutoka kwa wakili wa mtu mwingine.

Mikataba ya wafadhili sitaipigia kelele sana. Anayetoa pesa ndiye anayeleta karatasi, na ndani yake kuna sentensi inayosema rekodi, picha na majina ni mali yake kwa muda wote na dunia nzima. Kikundi hutia saini kwa sababu hundi iko mezani. Wafadhili wengi, nadhani, hawakuikusudia sentensi hiyo. Ilitoka kwenye mkataba wa tangazo la sabuni. Wakiombwa kwa heshima waiondoe wangeiondoa. Shida ni kwamba wa kuomba hayupo.

Ala za msaada pia zina mkosi wao. Mtu mwema huko Ujerumani au Marekani hukusanya fidla na tarumbeta zilizotumika, huzipakia kwenye kontena, na kila mtu huamini kwamba zawadi haitozwi kodi. Meli ikifika Mombasa inagundulika kwamba zawadi haina rangi yake ya pekee mbele ya forodha. Kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 16, kuna ada nyingine, na kontena likikaa, gharama za kulihifadhi hupanda kila siku bila huruma. Msamaha huombwa, na wa kuuomba ni shirika lenye hadhi sahihi na hati sahihi, kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Hapo tumerudi kwa kijana wa saiba na katiba yake.

Mambo haya karibu yote hayafiki mahakamani. Ni kazi ya kukaa, kusoma na kuandika, na ndiyo maana mfumo wetu wa msaada hauyaoni. Msaada wa kisheria kwetu ulizaliwa katika dhiki ya kufukuzwa, kukamatwa na kudhulumiwa mshahara. Kituo cha Sheria kilianza mwaka 1973 kwa mawakili kujitolea kuwasaidia wakazi maskini wa Nairobi, na zaidi ya nusu karne baadaye bado ndiko mtu wa mabanda anakokimbilia nyumba ikibomolewa. Nani atamwambia wakili wa Kituo, mwenye mstari wa watu mlangoni, aache hao asome mkataba wa udhamini wa bendi ya watoto? Mimi siwezi.

Ninaweza kumwambia wakili wa maghorofa ya Westlands au Upper Hill. Huyu huandika mikataba ya benki, husajili kampuni, huhangaikia misamaha ya kodi ya wawekezaji, na huenda ni miaka kumi hajasimama mbele ya hakimu. Ukimwuliza mbona hajitolei, atakujibu kwa unyofu kwamba yeye si mtu wa kesi na hana la kumsaidia maskini. Amekosea. Ujuzi wake ndio hasa unaohitajika Korogocho, Mukuru na Kisauni ya Mombasa: kuchagua umbo la kisheria, kuandika katiba inayokaa mabegani, kuusoma mkataba wa mtu mwenye nguvu na kupata sentensi moja yenye sumu. Anayoyafanya Jumatatu kwa bei ya kutisha anaweza kuyafanya Jumamosi bure, bila kujifunza upya.

New York walilitambua hilo zamani. Tangu 1969 wana shirika la mawakili wa kujitolea kwa ajili ya wasanii na mashirika ya sanaa. Kanuni za mfano za Chama cha Mawakili wa Marekani zinamtaka kila wakili alenge walau saa 50 kwa mwaka za kazi bila malipo, na zinataja waziwazi kwamba saa hizo zinaweza kwenda kwa mashirika ya hisani, ya elimu na ya jamii yanayowahudumia wenye kipato kidogo. Jimbo la New York lilikwenda mbali zaidi: anayetaka kuapishwa kuwa wakili kwanza aonyeshe saa 50 alizojitolea. Sisemi tunakili. Mawakili wetu wengi ni vijana wanaohangaika na kodi ya ofisi, na kumlazimisha kijana asiye na mteja ajitolee saa 50 ni kumchekesha. Nilichokipenda kule ni kwamba kanuni inakiona kikundi, na inamhesabia wakili kazi ya karatasi sawasawa na kazi ya mahakamani. TrustLaw, mpango wa wakfu wa Thomson Reuters ulioanza 2010, nao huunganisha mashirika na kampuni za mawakili duniani bila malipo, zikiwemo kampuni za Nairobi. Ni mlango mzuri kwa shirika lililokwisha kujipanga. Mwalimu wa tarumbeta hajafika hapo. Tovuti ni ya Kiingereza, na yeye hajui kwamba alicho nacho kinaitwa tatizo la kisheria.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na kazi ya bure ina hila zake. Ya kwanza ni wakili wa picha: anakuja, anasajili, anapigwa picha na watoto, cheti kinatoka, haonekani tena. Mwaka unaofuata ripoti za mwaka hazijapelekwa na usajili unayumba. Ya pili ni kampuni ya mawakili kumtuma mwanafunzi wa mafunzo peke yake bila mtu wa kumsahihisha, kwa imani kwamba cha bure hakichunguzwi. Ya tatu ni ngumu zaidi. Kampuni kubwa ina wateja wakubwa, na mmoja wao anaweza kuwa ndiye anayeudai uwanja ambao juu yake ukumbi wa watoto umejengwa, au ndiye mfadhili mwenye sentensi ile ya dunia nzima. Wakili mwaminifu atalichunguza hilo kabla ya kukubali, na likijitokeza atasema mapema ili kikundi kitafute mwingine. Kwa hiyo kazi ya bure iandikiwe barua kama ya kulipwa, ikisema nitafanya hili na hili, mpaka lini, na nani atashika nikiondoka.

Vikundi navyo visijifanye malaika. Kuna waanzilishi wasiotaka wakili hata akija na keki. Wanajua atauliza swali moja: ukianza kula pesa, nani ana uwezo wa kukuondoa? Kikundi ambacho mwenyekiti, mweka hazina na mwenye funguo za kabati ni mtu na mkewe hakitaki katiba inayofanya kazi. Wapo, na mara nyingine ndio wanaofundisha vizuri kuliko wote, jambo linaloudhi. Wakili wa kujitolea asilazimike kuwatumikia watu wa namna hiyo. Anayetaka msaada akubali kwanza kwamba kikundi si chake.

Wala sheria haileti chakula. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 Mji Mkongwe wa Zanzibar na kuwafundisha vijana taarab, udi, ganuni na ngoma, kilikuwa na sifa mpaka ng'ambo, na bado mwaka 2019 kilijikuta ukingoni mwa kufungwa kwa sababu ya fedha. Hakuna katiba, hata iandikwe vizuri namna gani, inayomlipa mwalimu wa ganuni mshahara. Ila mfadhili anayeangalia vikundi viwili vyenye njaa sawa hukipa kile ambacho hesabu zake, wadhamini wake na karatasi zake zinasomeka. Hilo nalo si haki sana, maana wakati mwingine anayefundisha vizuri ndiye asiyejua kuandika. Ndiyo sababu nyingine ya kumpa mtu wa kumwandikia.

Nitakuwa mkweli juu ya hoja iliyobaki, kwamba muziki ni anasa na mtoto mwenye njaa hahitaji fidla, sembuse fidla yenye wakili. Wanaosema hivyo huwa watoto wao wanajifunza piano. Sitaongeza neno.

Matawi ya Chama cha Wanasheria cha Kenya yanaweza kuanza bila kuomba ruhusa ya mtu. Nairobi na Mombasa mawakili wa biashara wako tele. Vyuo vikuu vina vitivo vya sheria na kliniki zao. Strathmore wanayo, na wanafunzi wanaosimamiwa vizuri huandika kwa bidii ambayo wakubwa wao wameisahau. Jambo la kwanza wapange hati za mfano kwa Kiswahili, ziwe chache na fupi: katiba ya kikundi cha muziki yenye sentensi sahihi kuhusu mali, fomu ya idhini ya picha, makubaliano na mwalimu wa kujitolea, na ukurasa wa maswali ya kumuuliza mfadhili kabla ya saini. Vikundi vinavyofundisha nyatiti na isukuti vitahitaji nyongeza, kwa kuwa tangu 2016 tuna sheria inayolinda maarifa ya jadi na inayotaka jamii yenye utamaduni iombwe ridhaa. Kisha ije kazi ndefu ya kile kifungu cha hakimiliki, ili mahali pa kufundishia watoto pasiamuliwe na bango la langoni.

Lakini kama kuna tawi lenye nguvu ya kuandika hati moja tu mwaka huu, ningeiomba iwe ya kuazima ala. Katika vikundi vingi fidla hulala kabatini kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumamosi inayofuata. Mwalimu anaogopa itaibwa. Mzazi anaogopa zaidi: fidla ikiibwa katika nyumba yenye mlango wa mabati, atadaiwa pesa ambazo hajawahi kuzishika, kwa hiyo humkataza mtoto kuileta nyumbani. Matokeo yake mtoto mwenye kipaji hufanya mazoezi saa mbili kwa juma, akashindane na wanaofanya saa mbili kwa siku. Hati ya ukurasa mmoja inayosema ala ni ya kikundi, mzazi ataitunza kwa uangalifu wa kawaida, ikiibwa ataripoti polisi na hatadaiwa, ikiharibika kwa uzembe watazungumza, inaweza kuitoa fidla kabatini. Wakili wa mikataba anaweza kuiandika mchana mmoja na kuigawa kwa kila kikundi kinachoitaka, kuanzia Korogocho mpaka Kisauni, bila hata mmoja wao kuhitaji kupanda lifti ya Upper Hill.